Waliniuliza Nani Alinipiga

Hendeli ya injini ya maji ilinipiga kwenye paji la uso Jumanne moja asubuhi, nikiwa shambani Rapsu. Mume wangu hakuwepo. Alikuwa Isiolo mjini, safari ya zaidi ya saa mbili kwa gari, akichomelea mageti kwenye karakana yake kama siku zote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu walilokataa kulisikia. Nimelisema mpaka nimechoka, na bado nitalisema.

Mimi ni Mmeru, mtu wa milimani. Nilishuka Isiolo nikiwa msichana kufanya kazi ya ukarani, nikaolewa na Mturkana aliyezaliwa mjini humo humo, ambaye hata babu yake alizikwa hapo. Kwetu waliguna. Kaka yangu mkubwa alikula chakula cha harusi bila kuvua koti, kama mtu anayesubiri gari. Sikujali. Watoto wetu wawili walipoenda shule ya bweni, niliacha ofisi nikakodi shamba Rapsu, nikapanda vitunguu na matikiti maji. Siku za wiki nilikuwa shambani, na Jumamosi nilirudi nyumbani mjini.

Shamba langu lilikuwa juu kidogo ya mfereji, kwa hiyo maji ilibidi yapandishwe na injini ya dizeli. Ilikuwa kuukuu. Kuiwasha, unachomeka hendeli, chuma kizito kilichopinda, unazungusha kwa nguvu zako zote, na injini ikishika moto hendeli inatoka yenyewe mkononi mwako. Wanaume wa mashamba ya jirani waliniambia mapema, "Mama, hiyo si kazi ya mwanamke. Itakuvunja mkono." Nikajifunza. Kwa miaka minne niliiwasha mwenyewe kila asubuhi, na mkono haukuvunjika.

Siku hiyo injini ilishika, lakini hendeli ilikataa kutoka. Ikawa inazunguka pamoja na injini, kasi inaongezeka. Niliiachilia. Badala ya kukimbia, niliinama kuangalia kwa nini imekwama. Hapo ndipo iliporuka.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio, kama mtu amekanyaga kibuyu kikavu, nikashangaa kwamba mlio huo umetokea ndani ya kichwa changu.

Aliyenikuta ni jirani yangu, mzee wa Kiborana anayelima nyanya. Alizima injini kwanza, akavua kilemba chake akanifunga nacho kichwa kwa nguvu.

"Mama, usilale," alisema. "Ongea na mimi. Niambie umepanda nini."

"Vitunguu."

"Na nini tena?"

"Unajua nimepanda nini. Kila siku unaviona."

"Basi hujafa," akasema, akaenda kusimamisha gari lililokuwa likipeleka matikiti mjini.

Kwenye kliniki moja ya mtaani walinishona nyuzi tisa. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yakawa mistari miwili. Aliyenishona alisema ni ngozi tu imepasuka, mfupa wa paji ni mgumu kuliko mawe, akanipa dawa za maumivu nikaenda nyumbani. Mume wangu alinipokea mlangoni. Aliangalia bandeji, akauliza, "Hendeli?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema neno lingine jioni yote, na mimi sikuwa na nguvu za kumuuliza kwa nini.

Siku ya nne uvimbe ulianza kushuka. Niliinama kuokota sufuria, na maji yakadondoka kutoka tundu la pua la kulia. Tone, tone, tone, kama bomba ambalo halijafungwa sawasawa. Yalikuwa meupe kama maji ya kisima na yalipofika mdomoni yalikuwa na chumvi kidogo. Nikisimama yanaacha, nikiinama yanarudi. Kwenye duka la dawa waliniambia ni mafua ya vumbi, mwezi huo kila mtu Isiolo anayo.

Ni kweli kila mtu alikuwa nayo. Mume wangu pia alikuwa nayo. Lakini mimi nimelea watoto wawili, na nimefua vitambaa vya mafua zaidi ya alivyowahi kuviona yule muuza dawa. Kitambaa cha mafua kikikauka kinakuwa kigumu kama kimetiwa wanga. Changu kilikauka laini, kana kwamba nimekilowesha kwa maji ya mvua. Nikavikunja vyote viwili, cha mume wangu na changu, nikavitia kwenye mkoba nikaenda navyo hospitali kubwa, mume wangu akinisindikiza.

Aliyenihudumia alikuwa tabibu kijana, kliniko ofisa, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Nilimwekea vitambaa mezani.

"Hiki ni cha mafua. Hiki ni changu. Shika."

Alicheka. Kisha akavishika, kimoja baada ya kingine, akaacha kucheka. Aliniinamisha kichwa juu ya karai dogo akahesabu matone yaliyodondoka. Akavaa glavu, akapapasa paji langu taratibu juu ya jicho la kulia. Kidole chake kilizama.

"Hapa pameingia ndani," alisema. "Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Hapakuonekana kwa sababu ya uvimbe."

Nilipigwa picha ya skani. Baadaye alinionyesha kwenye kompyuta, na namshukuru kwamba alinieleza kama mtu mzima. Nyuma ya paji la uso, juu ya pua, kuna chumba kidogo chenye hewa. Kina ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Ukuta wa mbele ukivunjika peke yake, shida ni sura. Ukuta wa nyuma ukivunjika, ng'ambo yake ni ubongo. Zangu zilikuwa zimevunjika zote mbili, na kipande cha mfupa kilikuwa kimechana utando unaofunika ubongo. Yale maji hayakuwa mafua, yalikuwa maji ya ubongo wenyewe. Na palipo na njia ya maji kutoka, vijidudu vya puani navyo vina njia ya kuingia.

"Usipenge kamasi," aliniambia. "Ukitaka kupiga chafya, fungua mdomo. Usiiname, usibebe kitu kizito, lala na mito mitatu. Ukisikia homa na shingo kukakamaa, usingoje mtu akuambie uje. Mara nyingine utando unajiziba wenyewe. Usipojiziba, tutakutuma kwa daktari wa upasuaji."

Kisha akamwomba mume wangu atoke nje. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mama, sasa tuko wanawake wawili. Nani alikupiga?"

"Nimekwambia. Hendeli ya mashine."

"Mama, mfupa huu hauvunjiki kirahisi. Wanawake wengi wanakuja hapa na mlango, na ngazi, na ng'ombe."

"Mimi sikuja na mlango. Nimekuja na hendeli."

Aliangalia dirishani. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake. Hata mimi niliona. Alikaa kama mtu aliyefanya jambo.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Nilikuwa na tundu kichwani, nimegundua ugonjwa wangu mwenyewe kwa vitambaa viwili, na bado nilionekana mwanamke asiyejua kilichompata. Nilimwambia hivyo hivyo. Alinisikiliza bila kukasirika, akaandika kwenye faili, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Nililazwa. Siku ya pili kaka yangu akashuka kutoka milimani, koti limefungwa vifungo vyote. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Nimekuja kukuchukua. Nimeshaongea na polisi wa hapa, wanangoja useme tu."

"Niseme nini?"

"Dada yetu, tulikuambia. Watu hawa wana mkono mzito wa kupiga. Ulikataa kusikia."

"Watu gani?"

Alishika kifungo cha juu cha koti lake.

"Mtu huyu unayemsema," nilimwambia, "ndiye anayeniosha miguu kwa sababu nimekatazwa kuinama. Wewe umekuja na habari za polisi. Hujanisalimu hata."

"Basi kama si yeye, mbona hawezi kunitazama usoni?"

Nilimfukuza bila jibu, mbele ya wagonjwa wote, na sauti niliyopaza ilitoa maji puani mpaka sista akaja kunigombeza.

Mume wangu aliporudi na uji nilimwambia aketi. Nikamuuliza alichoniuliza kaka yangu. Aliiweka chupa ya uji sakafuni.

"Mama watoto, ile hendeli niliichomelea mimi."

Nilikuwa nimesahau. Mwezi mmoja kabla ya ajali ncha ya hendeli ilikuwa imelika, nikampelekea mjini, akaiongezea chuma. Tangu siku ile nilipofika na bandeji, aliamini kwamba alama aliyoiacha ya kuchomelea ndiyo iliyoifanya ikwame. Alikuwa akisubiri nimwambie hivyo. Kila alipotazamwa kwa jicho la shaka, alijiona amestahili.

"Uliisugua ukaniambia niipake grisi kila wiki," nilisema. "Mimi niliipaka mara moja. Na chuma kilipokwama, niliinama kukichungulia kama mjinga. Kama kuna kosa, tugawane. Lakini mtu akikuuliza kama ulinipiga, inua kichwa. Usinifanyie hivyo tena. Ukiinamisha kichwa wewe, mimi ndiye ninayeitwa mwongo."

Aliinua kichwa. Ilimchukua siku kadhaa kuzoea, lakini aliinua.

Wiki ilipita maji hayajakoma. Nikatumwa kwenye hospitali ya rufaa, na daktari wa upasuaji, mzee mwenye mikono midogo kama ya mtoto, akanieleza atakachofanya. Angechana ngozi ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, nyuma ya mstari wa nywele, akunje uso chini, aokote vipande vya mfupa, aondoe ngozi laini inayotoa ute ndani ya kile chumba, azibe utando kwa kipande cha nyama ya kichwa changu mwenyewe, kisha aupange mfupa kwa vibati vidogo vya titani. Alisema hatari zote bila kuficha. Kunusa huenda kusirudi. Tangu hendeli ile nilikuwa sinusi kitu, nikidhani ni uvimbe.

"Na usipofanya?" nilimuuliza.

"Utaishi vizuri mpaka siku utakayopata homa ya uti wa mgongo."

"Fanya," nilisema. Nywele nilizinyoa mwenyewe. Sikutaka kunyolewa.

Niliamka na kilemba cha bandeji na kichwa kizito kama gunia la mchanga. Pua ilikuwa kavu. Nililia kwa sababu hiyo tu, kwamba pua ilikuwa kavu.

Kwenye kitanda cha pili, upande wa dirisha, alilazwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Naye alikuwa amevunjika paji, lakini ukuta wa mbele tu. Alikuwa wa kwetu milimani, na tulifurahi kuongea Kimeru, nikamsimulia habari za hendeli yangu. Siku ya tatu madaktari walipopita, nilimsikia akijibu swali lile lile.

"Ni mashine ya maji," alisema. "Hendeli iliniruka."

Niligeuza kichwa nikamtazama. Hakunitazama. Madaktari walipoondoka, alinong'ona, "Dada, hiyo hendeli inachomekwa upande gani? Wa kulia au wa kushoto?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilikasirika kwanza, na sitaficha hilo. Nilikuwa nimeupigania ukweli wangu kwa kliniko ofisa na kwa kaka yangu, na sasa mtu anaufanya nguo ya kuazima. Wakimgundua yeye, nani ataniamini mimi?

"Nyumbani kwenu kuna injini?" nilimuuliza.

"Hakuna. Tuna chai na miraa."

"Basi ilikuwa nini?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Kigoda," alisema.

Mume wake alikuja saa ya kutazama wagonjwa, amevaa vizuri, ana mkate na maziwa lala. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza naendeleaje, akanipa kipande cha mkate. Alitazama kila mtu usoni bila wasiwasi wowote. Nilimfikiria kaka yangu na swali lake. Ningeweza kumpigia simu siku hiyo nikamwambia njoo uone mkono mzito unakaa wapi. Nilitaka sana. Lakini uchungu wa yule mwanamke haukuwa fimbo yangu ya kumpigia kaka yangu, na mpaka leo sijamwambia.

Mume yule alipoondoka nilimwambia jirani yangu, "Sitakufundisha hendeli. Sikiliza vizuri. Si kwa sababu nakudharau. Mashine ikinivunja mimi, naweza kuizima. Wewe ukisema ni mashine, watakurudisha kwake."

"Nina watoto."

"Najua. Kuna sista mmoja hapa, yule mnene wa asubuhi, anaongea polepole. Ukitaka, nitamwita. Usipotaka, sitasema neno."

Aligeukia dirishani. Nilihesabu nimeshindwa. Kesho yake, baada ya chai, alisema, "Mwite." Nilimwita. Walivuta pazia, na nikasikia kilio, na sauti ya sista ikisema pole, pole, na kalamu ikiandika. Dada yake wa tumbo moja ndiye aliyekuja kumchukua. Alipotoka alinigusa bega. Sikuwahi kupata habari zake tena. Wanaopenda hadithi zimalizike vizuri huniuliza, na huwaambia sijui.

Nilirudi Isiolo na masharti ya kukaa miezi mitatu bila kazi nzito. Nilikaa. Mwezi wa nne nikarudi Rapsu. Wanaume wa mfereji walikuwa wamepanga niajiri kijana wa kuniwashia, na mume wangu alikuwa tayari amesikia habari za injini ya kuvuta kamba. Nilikataa yote mawili. Asubuhi ya kwanza walikuja wakasimama ng'ambo ya mfereji kama watu wa mazishi. Nilipaka grisi, nikasimama upande, si mbele, nikazungusha. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ikashika. Kisha nikaenda kukaa kati ya vitunguu saa nzima, mahali wasiponiona.

Ushujaa huo huo uliniponza. Daktari alikuwa ameniambia nirudi kila baada ya miezi sita kwa skani, hata nikiwa mzima, kwa sababu kile chumba cha paji kinaweza kukusanya ute miaka mingi baadaye. Nilirudi mara moja. Nilijiona nimepona, na kupona huko kulikuwa kumeshakuwa sehemu ya ubishi wangu. Mwaka wa tatu jicho la kulia likaanza kushuka, kidogo kidogo. Nilidhani ni uzee. Kisha nikaanza kuona njia mbili za kwenda shambani mahali pana njia moja.

Daktari yule yule hakunigombeza. Kipande kidogo cha ile ngozi ya ute kilikuwa kimebaki, kikajifungia, kikatengeneza mfuko uliojaa ute mzito, na mfuko ulikuwa unakula mfupa na kusukuma jicho. "Ungekaa mwaka mwingine," alisema, akaacha hapo. Safari hii aliingilia puani kwa vifaa vyembamba, akaufungua mfuko, ute ukatoka wote. Jicho lilirudi mahali pake baada ya wiki chache. Sasa siku ya skani ikifika mume wangu hafungui karakana, na sibishani naye. Nimejifunza kwamba kumpinga anayekuonea ni jambo moja, na kumpinga anayekutibu ni upumbavu.

Kunusa hakukurudi. Vitunguu vikioza ghalani sijui, mpaka mtu aniambie. Chakula kikiungua najua kwa moshi. Nimezoea, lakini sitasema ni sawa. Si sawa. Harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi la Isiolo niliipenda, na imechukuliwa.

Na paji bado limebonyea kidogo juu ya jicho, pana shimo la kutosha kuweka ncha ya kidole gumba. Wanawake wa kanisani waliniletea vitambaa vya kichwa vizuri, kwa upendo. Ninavivaa siku za baridi.

Mwaka huu wakulima wa mfereji wetu walinichagua mwenyekiti wa kamati ya maji, na picha ikahitajika. Nilienda na mume wangu kwa mpiga picha mmoja mjini, kijana mchangamfu. Alipiga, akaifungua picha kwenye kompyuta, akaikuza. Kishale chake kikasimama juu ya paji langu.

"Mama, hii naitoa. Dakika moja tu, utakuwa laini kabisa."

Mume wangu alisonga mbele kabla sijafungua mdomo, akamtazama yule kijana usoni.

"Usiiguse," alisema. "Chapisha hivyo hivyo."

"Nakala ngapi?"

"Nne za kamati," nilisema, "na moja kubwa ya sebuleni."